Jiwe la Mla Nyoka

Katika kijiji cha Sotgrom jua huchelewa kufika, kwa sababu milima imekaa karibu mno, na watu hufanya nusu ya kazi za asubuhi wakiwa bado kivulini. Gulandam, msichana wa miaka kumi na miwili, alizoea hivyo. Alikuwa akiwatoa mbuzi zizini, akichota maji mferejini, kisha akimpelekea babu yake birika la chai yenye maziwa na chumvi. Baada ya hapo ndipo alipofunga kilemba chake cha shule na kumtafuta mdogo wake Izhar, ambaye kila siku alikuwa na kiatu kimoja tu na hajui kingine kiko wapi.

Babu yake, Mzee Murad Wali, alipenda kunywa chai mlangoni. Juu ya kichwa chake, kwenye boriti, zilipigiliwa pembe za markhori dume, mbuzi-mwitu wa milima ile, zimejisokota kama kamba mbili ngumu, kila moja ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Hakuna aliyemwinda mnyama huyo. Maporomoko ya theluji ndiyo yaliyomshusha, mwaka aliozaliwa baba yake Gulandam, ambaye sasa alikuwa dereva wa malori huko Peshawar.

Wenyeji wa bonde lile humwita dume la markhori shara. Wazee wao husema kwamba hawa si mbuzi wa binadamu. Ni mifugo ya mapari, majini wa kike wanaoishi kwenye vilele vya theluji. Kwa hiyo mchungaji hapandi malisho ya juu kabla ya kufukiza majani ya mreteni na kunawa vizuri, na zamani mwindaji aliyeua jike mwenye mimba hakualikwa harusini mwaka mzima. Lakini jina linaloandikwa vitabuni ni markhori, nalo ni la Kifarsi. Watu husema maana yake ni mla nyoka.

Jina hilo ndilo lililoipa heshima nyumba ya Murad Wali. Iliaminika kuwa shara akishakula nyoka hukaa kivulini akicheua, na povu linalomdondoka mdomoni hukauka likawa jiwe. Jiwe hilo likiwekwa kwenye jeraha la nyoka, hung'ang'ania pale mpaka liinywe sumu yote, kisha huanguka lenyewe. Baba yake Murad Wali aliliokota jiwe la namna hiyo kwenye genge la juu, mahali ambapo shara hulala. Lilikuwa dogo kama harage, jeusi lenye wekundu kwa mbali, jepesi, na ukiliweka ulimini lilinata. Lilikaa ndani ya kifuko cha ngozi, kifuko ndani ya kisanduku cha mti wa jozi, na kisanduku kwenye rafu ya juu kabisa. Watu wa vijiji vinne walilifuata hapo.

Sasa, mwezi wa tatu mwaka ule, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, Gulandam alikuwa akirudi kutoka shule na wenzake. Mmoja wao, Rozina, alikuwa na ulimi mkali.

"Hivi hilo jiwe lenu limeota miguu?" Rozina aliuliza. "Kila mtu analisikia, hakuna anayeliona."

"Si kitu cha kuonyeshwa onyeshwa."

"Mama anasema ni mavi ya mbuzi yaliyokauka. Babu yako anayapaka samli yang'ae."

"Mama yako alipoumwa na nge alikuja kwetu analia."

"Alilia kwa sababu ya harufu."

Wasichana wote wakacheka. Gulandam hakucheka. Kesho yake, babu yake alipokwenda msikitini, alipanda juu ya gunia la unga, akakifungua kisanduku, akalitoa jiwe.

Walikutana kwenye daraja la mbao karibu na kinu cha maji. Rozina alilinusa, akalilamba, akakiri kwamba kweli linanata. Msichana mwingine akataka kulijaribu. Vidole vyao vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Jiwe lilipopita kutoka mkono wa Rozina kwenda wa msichana huyo, liligonga ubao, likaruka mara moja, likaingia mtoni. Mto ulikuwa umejaa, maji yake yana rangi ya majivu. Hawakuona hata lilipozama.

Waliinama wakayatazama maji. Mwishowe Rozina alisema kwa sauti ndogo, "Mimi sikuona kitu. Na nyinyi hamkuona kitu."

Siku mbili Gulandam hakula vizuri. Siku ya tatu alikumbuka jiko la zamani la udongo lililobomolewa nyuma ya zizi. Alichagua kipande kilichoungua sana, akakisugua juu ya jiwe mpaka kikawa na umbo la harage, akakichemsha pamoja na maganda ya jozi ambayo wanawake huyatumia kutia sufu rangi. Kilitoka cheusi chenye wekundu kwa mbali. Alikiweka ulimini. Kilinata. Alikirudisha ndani ya kifuko, kifuko ndani ya kisanduku, akajiambia kuwa akipata nafasi nzuri atamweleza babu.

Nafasi nzuri haikuja. Badala yake, mwezi wa nne alikuja Baz, mwenye kinu, ameshika kidole chake na kukunja uso. Nge alikuwa amemchoma ndani ya gunia. Mzee Murad Wali alikinyoosha kile kidole, akakichanja kidogo kwa wembe, akaweka kile kipande cha udongo. Kikashika. Gulandam alisimama mlangoni akikitazama. Mpaka alasiri maumivu yalikuwa yamepungua, na jioni Baz alirudi na mfuko wa aprikoti kavu.

"Jiwe lako, Mzee, lina nguvu kuliko zamani," alisema.

Gulandam hakuzila zile aprikoti, lakini usiku ule alilala. Aliona kwamba labda hakuna kilichoharibika. Kama udongo umemponya Baz, basi kuna haja gani ya kumpa babu huzuni? Na hivyo ndivyo mtu anavyozoea uongo: leo unamchoma, wiki ijayo anausahau.

Mwezi wa sita forosadi ziliiva. Ni wakati ambao watoto wa Sotgrom huwa na midomo ya zambarau, na wakati huohuo nyoka hutoka kuota jua kwenye kuta za mawe zinazoshikilia matuta ya mashamba. Siku ya Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, Izhar alikuwa akiokota forosadi zilizoanguka. Tatu nzuri zilibingirika zikaingia kwenye mwanya wa ukuta. Alipeleka mkono.

Gulandam alikuwa juu ya mti akiutikisa. Hakusikia yowe. Alisikia Izhar akisema, kama mtu anayeshangaa, "Dada, kuna kitu kimeniuma." Alipotazama chini aliona nyoka mfupi, mnene, wa rangi ya vumbi, akirudi taratibu ndani ya mawe. Kati ya kidole gumba na kidole cha pili cha Izhar palikuwa na matundu mawili, na damu kidogo.

Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mama yao, Zarbibi, aliuacha unga ndani ya beseni. Majirani wanne watano wakaingia. Mzee Murad Wali hakuonyesha wasiwasi. Alinawa mikono, akamkalisha mjukuu wake kwenye zulia, akakifungua kisanduku. Aliutazama mkono wa mtoto, akaona jeraha lina damu tayari, akaweka wembe kando.

"Tulia, baba," alimwambia Izhar. "Umewahi kuona shara akimwogopa nyoka? Basi."

Aliweka udongo juu ya jeraha. Ukashika.

"Limeshika," akasema, na majirani wakashusha pumzi.

Zarbibi hakushusha pumzi. "Baba," alimwambia mkwe wake, "Nadir yuko chini, dukani kwenye barabara. Ana gari. Anashuka mjini Chitral saa tano."

Nadir alikuwa kaka yake Zarbibi, mlinzi wa wanyamapori. Alikuwa ameshuka kutoka juu, alikokaa siku mbili nzima akihesabu watoto wa markhori waliozaliwa mwaka ule. Zaidi ya gari lake hapakuwa na gari lingine la kushuka mpaka kesho.

"Barabara ile itamtikisa na sumu itapanda," Mzee alijibu. "Jiwe linataka mtu atulie. Likishiba litaanguka."

"Mkono unavimba, Baba."

"Lazima uvimbe kwanza. Nimeyaona haya kabla wewe hujazaliwa."

Zarbibi alimfuta mtoto jasho. Katika nyumba ile, kuhusu jiwe lile, nani angembishia Murad Wali?

Gulandam alikaa karibu na miguu ya mdogo wake. Yeye alijua kwa nini kipande kile kimeshika. Udongo mkavu hushika kitu chochote chenye unyevu. Hata angekiweka juu ya tikiti maji kingeshika. Aliutazama mkono. Izhar alikuwa amefungwa hirizi kwenye kifundo, uzi mwekundu. Mwanzoni uzi ulikuwa ukicheza. Baadaye ukaigusa ngozi. Baadaye ukaanza kuzama, na nyama ya pande zote mbili ikapanda juu yake. Izhar alikuwa ameacha kulia. Alisema ana kiu, kisha akatapika zile forosadi.

Gulandam alifikiri juu ya babu yake, jinsi watu wanavyomwinukia akiingia mahali. Alifikiri majirani watakavyolipeleka neno hili mpaka vijiji vya juu. Alifikiri labda Mungu atausaidia udongo, kama alivyousaidia kwa Baz. Kisha kule chini akasikia gari likiwashwa. Lilikohoa mara mbili, halafu likanguruma.

"Babu, hilo si jiwe," alisema.

"Nyamaza, mama. Nasoma dua."

"Hilo si jiwe la shara. Ni udongo wa jiko letu la zamani. Jiwe lilizama mtoni mwezi wa tatu. Mimi ndiye niliyelitoa, na mimi ndiye niliyeweka hili."

Jirani mmoja akatikisa kichwa. "Masikini, mtoto kachanganyikiwa kwa hofu."

"Sikuchanganyikiwa. Livunjeni."

Mzee Murad Wali aliacha kusoma. Alimtazama mjukuu wake. Kisha akakibandua kile kipande, akakiweka kati ya kucha za vidole gumba vyake, akakibonyeza. Kikavunjika katikati. Ndani kilikuwa chekundu kama tofali.

Hakupiga kelele. Hakumpiga. Alisema neno moja tu, "Kimbia."

Gulandam alikimbia. Hakufuata njia, aliruka kutoka tuta hadi tuta, kandambili ya mguu wa kushoto ikabaki kwenye shamba la ngano la jirani. Alipofika karibu na duka, gari lilikuwa limekwisha kuondoka, linakata kona polepole kwa sababu ya mashimo. Aliita, lakini mto ulikuwa na kelele kuliko yeye. Basi akafanya jambo ambalo kila mtoto wa mchungaji hulifanya akitaka kumgeuza mbuzi. Aliokota jiwe, akalilenga, akalirusha. Likatua juu ya bati la gari kwa kishindo.

Gari likasimama. Nadir akatoka, uso umemwiva.

"Wewe, Gulandam. Nani amekufundisha kupiga gari la serikali mawe?"

"Mjomba, Izhar kaumwa na nyoka."

"Lini?"

"Tangu saa tatu na nusu."

"Na mpaka sasa mlikuwa mnafanya nini?" Hakungoja jibu. Alikuwa amekwisha kuligeuza gari.

Nadir alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza pamoja na walinzi wenzake. Kitu cha kwanza alichokifanya walipofika nyumbani kilikuwa kuukata ule uzi wa hirizi, na Zarbibi alipotaka kumzuia, alimwambia, "Dada, dua haiko kwenye uzi, na uzi huu unamnyonga mkono." Hakufunga kamba juu ya jeraha wala hakuukata mkono kwa wembe. Alichukua daftari lake gumu la kuhesabia markhori, akalilaza chini ya mkono wa Izhar, akaufunga pamoja nalo kwa skafu ili usichezecheze. Mzee Murad Wali alipanda mbele bila kualikwa. Gulandam alikaa nyuma na mama yake, mguu mmoja mtupu.

Hospitalini walipokewa na Daktari Nazirat, mwanamke wa makamo aliyezaliwa bonde la jirani na aliyezungumza lugha yao kama wao. Alichora mstari kwa kalamu pale uvimbe ulipofika, karibu na kiwiko, akaandika saa pembeni yake. Kisha akatundika chupa ya dawa ya kukata sumu ya nyoka, akakaa hapohapo akimwangalia mtoto. Baada ya saa moja uvimbe ulikuwa umeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Akachora mstari mwingine. Akaongeza dawa. Alipochora mstari wa tatu uvimbe haukuuvuka.

"Umesimama," daktari alisema. "Mkono atabaki nao."

Zarbibi alifunika uso kwa shela yake, akalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Kesho yake Izhar alikuwa akilalamika kuhusu uji wa hospitali, na kwa mtoto wa namna yake hiyo ilikuwa dalili nzuri. Daktari Nazirat alikuwa akisafisha jeraha, akaona rangi ya kahawia iliyobaki kwenye ngozi.

"Mlimwekea nini hapa?"

Mzee Murad Wali alitazama dirishani. Zarbibi alitazama sakafu.

"Udongo," Gulandam alijibu. "Babu alidhani ni jiwe la markhori. Mimi nilijua ni udongo, kwa sababu jiwe nililipoteza." Kisha akauliza lile swali lililomkosesha usingizi. "Daktari, kama ningekuwa sijalipoteza, angepona nyumbani?"

"Hapana."

"Hata kwa jiwe la kweli?"

"Nimewapokea watu hapa wameletwa na mawe ya kweli, yamewaganda mkononi," daktari alisema. "Yanashika kwa sababu yana vitundu vidogo na jeraha lina maji. Kama udongo wako. Lakini kinachoshikwa ni ngozi. Sumu imekwisha kwenda zake kwenye damu. Na mwenye jiwe la kweli ndiye huchelewa zaidi, maana hukaa nyumbani akilitazama."

Mzee aligeuka kutoka dirishani. "Binti yangu," alisema, "kwa miaka arobaini watu wamekuja kwangu na wakapona."

"Sikubishii, Mzee wangu. Walioumwa na nge wa kwetu, wengi wao maumivu hupungua yenyewe ukiwaacha. Nyoka naye mara nyingine huuma bila kutoa sumu. Hao walirudi kukushukuru." Daktari alifunga bandeji, akakata ncha yake. "Ambao hawakupona, walirudi kukwambia?"

Mzee Murad Wali alitoka nje. Alikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Baadaye alimwambia Zarbibi kwamba palikuwa na mwanamke mmoja, miaka mingi iliyopita, aliyeletwa akiwa juu ya farasi. Alikuwa na mtoto wa kunyonya. Jiwe lilishika vizuri, na bado alifariki kabla ya magharibi. "Niliwaambia ndugu zake kwamba wamechelewa kumleta," alisema. "Niliwalaumu wao."

Siku ya nne Nadir alikuja kuwachukua. Barabara ilikuwa na vumbi na Izhar alilala mapajani mwa mama yake. Walipofika mahali ambapo mwamba unaning'inia juu ya mto, Mzee alimgeukia aliyeshika usukani.

"Nadir. Unakaa na darubini yako huko juu miaka kumi na minane sasa. Umewahi kumwona shara akila nyoka?"

"Sijawahi, Mzee."

"Hata mara moja?"

"Anakula majani ya mwaloni. Yakiisha ya chini anapanda mtini kama mtoto mtundu. Nyoka akimwona anaruka pembeni kama mimi na wewe."

"Mbona hukuniambia?"

Nadir alibadilisha gia, akafikiri. "Hukuniuliza. Halafu mimi ni shemeji wa mwanao, nakuja kwako nakula mkate wako. Ningeanzia wapi? Nimalize supu kisha nikuambie jiwe la baba yako halina kazi?"

Mzee alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. "Na jina je? Mla nyoka?"

"Jina ni la Kifarsi, Mzee. Nimewasikia wengine wakisema huenda mwanzoni lilihusu pembe, namna zilivyojisokota kama nyoka, halafu watu wakalisikia vibaya. Sijui. Mimi najua sisi wenyewe tunamwita shara, na ndani ya jina hilo hamna nyoka yeyote."

Ijumaa baada ya sala watu walikuja kumpa pole Izhar. Walijaa ndani na mlangoni, wakanywa chai, wakaula mkate wenye jozi ambao Zarbibi alikuwa ameoka. Gulandam alikuwa akigawa vikombe. Tangu hospitalini babu yake hakuwa amemkemea, na jambo hilo lilimtisha kuliko kukemewa. Watu walipokwisha kunywa, Mzee Murad Wali aliweka kisanduku cha jozi katikati ya zulia, kifuniko wazi. Hakikuwa na kitu.

"Mmesikia maneno mengi," alisema. "Afadhali myasikie kwa wenyewe. Gulandam, simama."

Aliweka vikombe chini, akasimama. Alieleza tangu mwanzo: gunia la unga, daraja, jiko la zamani, maganda ya jozi. Hakumtaja Rozina. Alipomaliza alimgeukia Baz mwenye kinu, akamwomba msamaha kwa sababu alimtazama akitibiwa kwa udongo na hakusema kitu.

Kisha kule mlangoni, kwenye kundi la wasichana, Rozina alisema akiwa ameinamisha kichwa, "Mimi ndiye niliyemchokoza alilete. Na mimi ndiye niliyesema tusiseme."

Baz alikuwa akikitazama kidole chake. "Kwa hiyo," alisema, "mimi nimeponywa na jiko."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, hata Zarbibi. Mzee aliwaacha wacheke, kisha akainua mkono.

"Sasa nisikilizeni mimi. Jiwe halipo, na hata lingekuwapo nisingelitumia tena. Kuanzia leo mtu akiumwa na nyoka, asije kwangu. Msimchanje, msimfunge kamba, msimpe chai ya mitishamba. Mvueni bangili na hirizi, mkono au mguu usichezecheze, na mshusheni barabarani. Nadir amekubali kutuachia namba za madereva wawili wa kijiji cha chini. Tutaziandika ukutani dukani. Mimi mwenyewe nitamsindikiza, nikiwa na nguvu."

"Na pembe hizo je?" aliuliza mzee mmoja, akionyesha boriti kwa kidevu. "Utazishusha?"

"Nizishushe kwa nini? Shara hajawahi kuniambia kwamba anatibu watu. Sisi ndio tuliosema." Murad Wali aliziangalia pembe. "Yeye ni yuleyule. Ni mbuzi wa mapari na mgeni wa vilele vyetu, na mwenye bunduki asimguse. Heshima yake haikuwa ndani ya kifuko changu."

Watu walipoondoka, Gulandam alibaki akikusanya vikombe. Babu yake alimwita akae karibu naye.

"Unangoja nikukemee," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Basi sikia. Kulipoteza jiwe lilikuwa kosa la mtoto, na watoto hupoteza vitu. Lakini ulipoweka udongo mahali pake, uongo haukubaki kuwa wako peke yako. Ulinitia mimi ndani yake. Nikamdanganya Baz nikiwa naamini nasema kweli, na nikakaribia kumdanganya mjukuu wangu mpaka kaburini. Umeliona hilo?"

"Nimeliona."

"Na mimi nina langu. Nilirithi jiwe, nikarithi na maneno yake, na miaka arobaini sikuuliza swali hata moja, kwa kuwa yalinipa sifa. Kosa langu ni la mtu mzima, kwa hiyo ni kubwa kuliko lako." Alikifunga kile kisanduku kitupu. "Ulisema kweli mbele ya watu wakati ambapo ilikuwa ngumu kuisema, na kweli hiyo ndiyo iliyomfikisha Izhar hospitalini. Lakini ulikuwa umeichelewesha miezi mitatu. Ungekuja kwangu siku ileile ya mwezi wa tatu."

Gulandam aliukunja ukingo wa shela yake kwa vidole. "Ungekasirika, Babu."

"Ningekasirika sana," alisema Mzee Murad Wali. "Siku nyingine njoo hivyohivyo."